KARATASI YA MFANYAKAZI HAIJUI MPAKA



Wako watu wanaotucheka. Wanasema kazi ya chama cha wafanyakazi ni mishahara, likizo na nyumba, na mambo ya mafaili ya zamani yaachiwe wasomi wa Nairobi. Wanauliza: watu wa Turbo wana shauri gani na watunza nyaraka wa Kampala au wa Dar es Salaam? Tunawajibu hapa kwa maneno wazi, kwa sababu kicheko hicho kimekwisha kuwagharimu watu wetu pesa nyingi.

Mfanyakazi akizeeka haulizwi kama alifanya kazi vizuri. Haulizwi alikata miti mingapi, alilima ekari ngapi, wala alikesha usiku mara ngapi akilinda mali ya tajiri. Anaulizwa neno moja: Una karatasi? Akiwa nayo, anapewa kiti. Akiwa hana, anaambiwa arudi kesho, na kesho, na kesho kutwa, mpaka nauli imwishie. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Jasho letu ni mali. Daftari lake liko wapi, na nani amewekwa kulitunza? Hilo ndilo shauri letu leo.

SISI TULIOPANDA KARATASI

Sisi wa Turbo tuna sababu zaidi ya kulisema jambo hili. Msitu uliopandwa hapa kwetu, wa misonobari na saiprasi, ulikuwa wa kulisha kiwanda cha karatasi cha Webuye. Miaka mingi malori yalibeba magogo kutoka hapa kwenda Webuye, mpaka kiwanda kile kiliposimama mwaka 2009. Walioandaa vitalu, waliochimba mashimo, waliopogoa na waliokata, walikuwa watu wa hapa na wa wilaya za jirani, wanaume kwa wanawake. Basi tunauliza: kati ya karatasi zote zilizotoka katika miti hiyo, ni ngapi zenye majina ya watu waliopanda? Mtu alipanda karatasi, akaikata, akaipakia kwenye lori, na leo yeye mwenyewe hana karatasi.

Mwenzetu mmoja alifanya kazi kwa tajiri mmoja wa upande huu tangu ujana wake. Tajiri akauza mali yake akaenda zake. Mafaili ya wafanyakazi yakatolewa ofisini yakarundikwa uwanjani, mvua ikanyesha juu yake, na yaliyobaki yakawashiwa moto wa kuchemshia chai. Mwenzetu alipokwenda kudai, alimkuta karani mgeni ambaye alitafuta katika daftari jipya akasema, Mzee, jina lako haliko. Hatumtaji tajiri huyo, maana hakuwa peke yake. Kila mmoja wenu anamjua mtu aliyepatwa na mambo kama hayo.

Wengine watasema sheria iko. Ni kweli iko. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamlazimu mwajiri kuandika masharti ya kazi ya mtu, na kuyatunza maandishi hayo kwa miaka 5 baada ya kazi kwisha. Tena inasema shauri likifika kortini na mwajiri akashindwa kutoa maandishi, mzigo wa kuthibitisha masharti hayo unamwangukia yeye, si mfanyakazi. Hii ni sheria nzuri, na kila mwanachama aijue. Lakini hesabuni wenyewe. Aliyeacha kazi akiwa na miaka 35, akitimiza miaka 60 na kwenda kuomba akiba yake ya uzeeni, imepita miaka 25. Ile miaka 5 ilikwisha zamani. Kama faili lilichomwa katika mwaka wa 6, hakuna sheria iliyovunjwa, na mzee hana chake.

Kadhalika iko sheria ya nyaraka za umma, ambayo haimruhusu mtumishi wa Serikali kuharibu makaratasi ya Serikali ovyo bila Mkurugenzi wa Nyaraka za Taifa kuidhinisha. Hiyo nayo ni nzuri. Lakini kampuni ya mtu binafsi haibanwi namna hiyo. Na katika wilaya hii, wengi wetu tumefanya kazi kwa watu binafsi: mashamba ya mahindi na ngano, miwati, mbao, malori.

WALIJUA KUTUNZA WALIPOTAKA

Mtu asituambie kwamba mambo haya hayawezekani. Wazee wetu walivaa kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, na baada ya Vita Vikuu vya Kwanza ikatumika kwa nguvu. Mwanamume Mwafrika aliyekuwa mtu mzima alilazimika kwenda na kipande chake popote, na wengi walikining'iniza shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Ndani yake paliandikwa jina lake na kabila lake, zikapigwa alama za vidole, akaandikwa mwajiri, siku ya kuanza kazi, siku ya kuacha, na mshahara. Kibarua akitoroka shamba la Uasin Gishu akaenda Kisumu au Mombasa, karatasi ilimfuata huko huko mpaka akakamatwa. Kipande kiliondolewa mwaka 1947, baada ya watu wengi kukipigania.

Fikirini jambo hilo. Serikali ile haikuwa na kompyuta wala simu ya mkononi. Lakini iliweza kumfuata kibarua mmoja asiyejua kusoma, kutoka mkoa mmoja hadi mwingine, kwa kalamu na wino tu. Waliweza kwa sababu walitaka, na kwa sababu makarani walifundishwa kazi hiyo na ofisi zao zilijibiana barua. Karatasi ilipokuwa ya kumkamata mfanyakazi, haikupotea. Leo karatasi ni ya kumlipa mfanyakazi, na kila siku tunaambiwa imepotea. Je, panya wamezidi, au nia imepungua?

FAILI LILIPOBAKI NG'AMBO YA MPAKA

Sasa tuje kwenye shauri la mipaka, maana hapo ndipo wanaotucheka wanapodhani wametushinda.

Jumuiya ya kwanza ya Afrika ya Mashariki, iliyoanza mwaka 1967, iligawa makao makuu ya mashirika yake. Reli na Ndege yalikuwa Nairobi. Bandari yalikuwa Dar es Salaam. Posta na Simu yalikuwa Kampala. Makao ya Jumuiya yenyewe yalikuwa Arusha. Hivyo karani aliyeuza stempu Eldoret, wakubwa wake wa mwisho walikuwa Kampala. Mtu wa reli aliyefanya kazi Tabora au Jinja, wakubwa wake walikuwa Nairobi. Kuli wa Mombasa, wakubwa wake walikuwa Dar es Salaam. Reli ilipita na inapita hapa hapa Turbo kwenda Uganda, na walioitengeneza na kuiendesha walikuwa watu wa nchi zote tatu.

Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Wakuu wakabishana juu ya mabehewa, ndege, meli na madeni kwa miaka 7, mpaka tarehe 14 Mei 1984 mapatano ya kugawana yalipotiwa sahihi Arusha. Katika mapatano hayo kila Serikali ilikubali kubeba mzigo wa pensheni za watu wake. Sasa sikilizeni, ndugu. Behewa unaweza kulihesabu ukiwa umesimama stesheni. Ndege unaiona uwanjani. Lakini miaka ya kazi ya mtu huwezi kuihesabu bila faili lake. Kama alifanya kazi katika nchi mbili, chini ya makao makuu yaliyo katika nchi ya tatu, nani atasema alianza lini na aliacha lini? Waliokuwa watumishi wa Jumuiya nchini Tanzania walidai haki zao miaka na miaka, wakafika mahakamani, na hata baada ya mapatano ya mwaka 2005 yaliyofanywa mahakamani, malalamiko hayakwisha. Wengi walikufa wakingoja. Hatusemi makaratasi peke yake ndiyo yaliyoleta matata yale. Siasa na fedha vilikuwamo. Lakini tunasema hivi: mzee asiyekuwa na faili hana hata pa kuanzia kugombana.

Wala msidhani hayo ni mambo ya 1977 yaliyokwisha. Jumuiya mpya ilianza kazi mwaka 2000, na sasa ina nchi nane. Itifaki ya Soko la Pamoja ilitiwa sahihi mwaka 2009 ikaanza kutumika mwaka 2010, nayo inasema wafanyakazi wa nchi hizi waweze kwenda kufanya kazi kwa jirani. Simameni kando ya barabara kuu hapa Turbo saa moja tu, mtazame malori yanayokwenda Malaba, na kutoka huko kwenda Kampala, Kigali, Juba na Kongo. Dereva ni wa hapa, turniboi ni wa kule, tajiri yuko Mombasa, ajali inatokea Uganda. Karatasi za dereva huyo ziko katika ofisi ngapi? Bidhaa zina hati inayokwenda nazo kutoka bandarini mpaka mwisho wa safari. Mtu anayeziendesha hana.

ZILE ZILIZOPELEKWA ULAYA

Iko habari nyingine ambayo kila mfanyakazi anapaswa kuijua. Wakati wa Uhuru mwaka 1963, wakoloni hawakuondoka mikono mitupu. Makaratasi mengine waliyachoma. Mengine waliyapakia wakaenda nayo Uingereza. Miaka mingi yalifichwa mahali panapoitwa Hanslope Park. Mwaka 2011, kwa sababu ya kesi iliyofunguliwa na wazee wa Kenya walioteswa wakati wa Hali ya Hatari, Serikali ya Uingereza ilikiri kwamba inayo: masanduku kama 300 ya Kenya, mafaili kama 1,500. Na si ya Kenya tu. Yalikuwamo mafaili kama 8,800 kutoka nchi 37 zilizotawaliwa na Waingereza. Mwezi wa Juni mwaka 2013 Serikali hiyo ilisema inasikitika, ikakubali kutoa pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa ajili ya watu 5,228.

Wazee wale walisimama kortini na makovu yao. Kovu ni ushahidi. Lakini makaratasi yalipotoka mafichoni, yalionyesha kwamba wakubwa walijua. Miaka 50 waliambiwa ni hadithi za wazee, na faili lilikuwa kabatini muda wote huo.

Sasa tunauliza: nchi 37, kila moja ikienda peke yake na kofia mkononi kuomba yaliyo yake, itapata nini? Kidole kimoja hakivunji chawa. Kama watunza nyaraka wa Kenya, Uganda, Tanzania Bara na Zanzibar wangeandika orodha moja ya yaliyochukuliwa, wakasimama pamoja kuyadai, sauti ingekuwa nyingine.

WATUNZA NYARAKA NI WAFANYAKAZI WENZETU

Haya, ni nani hao watunza nyaraka? Wengine wadhani ni mabwana wenye miwani wanaosoma vitabu vya vumbi. Hao wapo, na tunawaheshimu. Lakini mtunza nyaraka wa kwanza ni karani wa masjala, yaani chumba cha mafaili, katika hospitali, shule, ofisi ya kaunti, kiwanda na shamba. Faili lako likifika Nairobi au lisifike, yeye ndiye aliyelishika kwanza. Naye ni mfanyakazi kama wewe. Mara nyingi mshahara wake uko chini, chumba chake hakina dirisha, kazi yake hakufundishwa. Katika ofisi nyingi chumba cha mafaili kimefanywa mahali pa kumtupia mtu aliyekosana na mkubwa. Kisha faili likipotea, analaumiwa yeye.

Hatusemi hakuna lililofanywa. Tuwe wa haki. Kenya iliweka Nyaraka za Taifa kwa sheria mwaka 1965, na nje ya Nairobi iko vituo vya kumbukumbu, kama vile Nakuru, Kakamega, Kisumu na Mombasa. Mwaka 1963 shule ya wakutubi ilifunguliwa Makerere kwa ajili ya Afrika ya Mashariki nzima, si kwa Uganda peke yake. Mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Moi, hapa hapa Uasin Gishu, kilianzisha kitivo cha elimu ya habari, na vijana wanasoma Kesses kazi ya maktaba na nyaraka. Mwaka 1989 Tanzania ilianzisha chuo cha kazi hiyo Bagamoyo. Na mwaka 1969, mjini Nairobi, watunza nyaraka wa nchi za Afrika ya Mashariki na ya Kati waliunda umoja wao, tawi la Baraza la Nyaraka la Dunia. Baadaye umoja huo ulichukua nchi za Kusini pia, ukaitwa ESARBICA. Hukutana kila baada ya miaka miwili, mara nchi hii, mara nchi ile, na wana jarida lao.

Ndugu, angalieni tarehe hiyo: 1969. Watu wa nyaraka walikuwa wameungana kabla Jumuiya haijavunjika, na Jumuiya ilipovunjika umoja wao haukufa. Hilo ni jambo la kujivunia. Basi kwa nini tunalalamika?

Tunalalamika kwa sababu kwenye mikutano hiyo huzungumza wakurugenzi na maprofesa, na karani wa masjala wa Turbo hana habari kwamba mkutano ulikuwapo. Maazimio huandikwa kwa Kiingereza kizuri. Yanafunguliwa, yanapigiwa makofi, yanawekwa katika faili. Mkurugenzi akistaafu, anaondoka na ujuzi wake wote. Karani aliyekaa miaka 20 na mafaili, anayejua kwa kichwa kila karatasi iko wapi, hajawahi kupelekwa hata Kakamega siku tatu akaone wenzake wanavyofanya. Asiyekuwapo na lake halipo. Umoja wa wakubwa peke yao si umoja wa kazi. Ni umoja wa vyeo.

MAJIBU KWA WANAOPINGA

Wa kwanza anasema, Hakuna pesa. Tunamjibu: pesa ya kumlipa wakili kubishana na mzee mmoja kwa miaka minne ilitoka wapi? Kumfundisha karani wiki mbili ni rahisi kuliko kesi moja. Na masanduku safi, rafu za mbao na dawa ya mchwa si mambo ya kukopa Washington.

Wa pili anasema, Siku hizi ni kompyuta, mafaili ya karatasi yamepitwa na wakati. Huyu ndiye hatari kuliko wote, maana anasema jambo zuri kwa nia ya kukwepa. Kompyuta ni chombo, tunaitaka. Lakini kompyuta haiwezi kupiga picha karatasi iliyokwisha kuchomwa. Nayo pia hufa, hubadilishwa, huuzwa pamoja na kampuni. Aliyeweka neno la siri huacha kazi akaenda nalo. Kompyuta inataka mtunza nyaraka aliyefundishwa zaidi, si asiyefundishwa. Anayetuuzia mashine bila kumfundisha karani anataka kuuza mashine tu.

Wa tatu anasema, Mambo ya mafaili ni siri ya nchi, hatuwezi kuwaonyesha jirani. Siri gani iliyomo katika tarehe niliyoanza kazi? Hatuombi mipango ya majeshi. Tunaomba majina, tarehe, mshahara na makato. Hayo ni yetu, si ya nchi.

Wa nne ni mwenzetu, naye ana hofu. Anasema, Tukifungua mlango, watunza nyaraka wa Uganda na Tanzania watachukua kazi za vijana wetu. Ndugu, wahasibu, wahandisi na wasanifu wa majengo wa nchi hizi wamekwisha tia sahihi mapatano ya kutambuana vyeti. Kijana wa Kesses naye atafute kazi Kigali au Juba akiwa na cheti kinachotambuliwa. Mlango ukifunguliwa hufunguka pande zote mbili. Anayefaidika mlango ukifungwa ni mwajiri, ambaye humlipa mgeni asiye na cheti nusu ya mshahara.

TWATAKA NINI

Kwa hiyo sisi wa tawi la Turbo tunasema, na tunataka matawi mengine yaseme pamoja nasi:

1. Kila karani wa masjala, wa Serikali, wa kaunti au wa kampuni, afundishwe kazi yake na apewe cheti, na cheti hicho kimpandishe mshahara. Mafunzo yatolewe pia kwa Kiswahili, lugha ambayo karani wa Turbo, wa Mbale na wa Moshi wanaweza kuulizana bila mkalimani.

2. Makarani watembeleane. Chuo cha Kesses, cha Makerere na cha Bagamoyo vipokee makarani wa kazini kwa mafunzo mafupi, si wanafunzi wa shahada peke yao.

3. Katika kila mkutano wa ESARBICA, nchi yetu ipeleke pia karani wa chini aliyechaguliwa na wenzake, na akirudi awaeleze wenzake yaliyosemwa.

4. Nyaraka za Taifa za Kenya, Uganda, Tanzania na Zanzibar zitoe orodha moja ya mafaili ya watumishi wa Jumuiya ya kwanza: yako wapi, ya mashirika gani, ya miaka gani. Orodha hiyo itangazwe, wastaafu na watoto wao waione.

5. Kampuni inayofungwa au kuuzwa isiruhusiwe kuchoma mafaili ya wafanyakazi. Iyakabidhi kwenye kituo cha kumbukumbu, na gharama ya kuyatunza iwe deni la mwenye kuuza. Miaka 5 haitoshi. Twataka mpaka mfanyakazi atimize umri wa kustaafu na zaidi.

6. Nchi zetu zisimame pamoja kuyadai makaratasi yaliyochukuliwa wakati wa Uhuru.

TUSINGOJE

Lakini mwanachama asikae akingoja Serikali nane zikubaliane. Iko kazi ya kufanya hapa hapa.

Kumbukeni Makhan Singh. Mwaka 1949 yeye na Fred Kubai waliunda shirika la vyama vya wafanyakazi wa Afrika ya Mashariki. Angalieni, wa Afrika ya Mashariki, si wa Kenya tu. Mwaka 1950 alikamatwa, akawekwa kizuizini mpaka 1961. Mtu huyo alijua kutunza karatasi. Alitoka kizuizini akaandika historia ya vyama vya wafanyakazi vya Kenya hadi mwaka 1952, na kitabu hicho kikatoka mwaka 1969. Makaratasi yake yametunzwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Kama si yeye, leo historia ya migomo yetu tungeisoma katika ripoti za polisi peke yake.

Na sisi wa Turbo tulifundishwa somo jingine, kwa uchungu. Mwishoni mwa mwaka 2007 na mwanzoni mwa 2008, nyumba za watu zilichomwa katika wilaya hii. Pamoja na nyumba viliungua vitambulisho, vyeti vya shule, vyeti vya kazi na hati za mishahara. Watu walipoteza ndugu zao na mali zao, kisha wakalazimika kuthibitisha kwamba waliwahi kuwa nazo. Aliyekuwa na nakala mahali pengine alikuwa na pa kuanzia.

Basi kila mwanachama afanye hivi. Omba cheti cha utumishi unapoacha kazi. Sheria inakupa haki hiyo. Tunza hati ya mshahara ya kila mwezi, hata kama ni ndogo. Toa nakala, moja ikae kwako, nyingine ikae mbali na kwako. Ukifanya kazi ng'ambo ya mpaka, andika jina la mwajiri, mahali na tarehe, umtie mwenzako sahihi kama shahidi. Makarani wa masjala mlio wanachama, njooni mkutanoni mseme shida zenu, maana shida zenu ni zetu. Na kila tawi lichague mtu mmoja wa kutunza makaratasi ya tawi, naye aandikiane barua na matawi ya Webuye, Malaba, na wenzetu wa Tororo.

Matajiri wana makarani wao, mawakili wao na makabati yao ya chuma. Wanajua thamani ya karatasi. Siku mfanyakazi naye atakapojua, na mtunza nyaraka wa Turbo atakapojuana na wa Tororo na wa Tabora, neno lile la jina lako haliko halitamtisha mzee yeyote.

UMOJA NI NGUVU.

Kamati ya Tawi, Turbo

(Ukimaliza kusoma mpe mwenzako. Usifungie sukari.)